Kisia Kwanza, Ndipo Ubonyeze

Hotuba kwa walimu wa sayansi wa shule za msingi wa Nyanda za Juu Kusini, Mbeya

Ndugu mgeni rasmi, maafisa elimu kata, walimu wakuu, walimu wenzangu mliotoka Kyela, Rungwe, Mbarali, Makete na hapa mjini. Wakubwa zangu, shikamooni. Wa Tukuyu na Kyela, mugonile. Wa upande wa Njombe, kamwene. Poleni na baridi. Waliotoka Kyela naona wamekuja na makoti ya kuazima.

Kwenye ratiba mliyopewa nimeandikwa kuwa ni mtaalamu wa TEHAMA. Hilo neno naomba mlikate kwa kalamu. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano, kwenye mkoba wangu kuna chaki, na kompyuta nimejifunza ukubwani, mwalimu wangu akiwa mtoto wa dada yangu ambaye alikuwa akinicheka waziwazi. Nitakayosema ni yaliyonikuta darasani, na nitaanza na siku niliyoharibu.

Siku hiyo somo lilikuwa saketi, yaani njia anayopita umeme. Nilikuwa nimeazima laptopu, nimeazima na projekta, nikatundika shuka jeupe juu ya ubao. Watoto 84, madirisha tumeyaziba kwa kanga. Nikafungua ile programu ya kuunganisha saketi: unavuta betri, unavuta waya, unavuta balbu. Balbu ikawaka kwenye shuka, darasa zima likapiga makofi. Nikaongeza ya pili, makofi. Nikaziondoa balbu zote, nikachukua waya mmoja nikaunganisha ncha hii ya betri na ile, betri ikawaka moto pale kwenye skrini. Kelele zilizopigwa zilimtoa mwalimu mkuu ofisini.

Nilirudi nyumbani natembea kwa maringo. Kesho yake nikauliza: jana betri iliwaka moto kwa nini? Kimya. Nikauliza tena. Mtoto mmoja wa nyuma akanyoosha mkono akasema, "Kwa sababu mwalimu ulibonyeza."

Alikuwa sahihi kabisa. Katika kipindi kizima hicho ndicho kitu pekee alichokiona kikisababisha kingine: mwalimu akibonyeza, mambo yanatokea. Nikamgeukia mwingine, umeme ni nini? Akajibu, "Ni vidude vya bluu." Kwa sababu ile programu inachora elektroni kama vigololi vya bluu vinavyotembea ndani ya waya. Nilikuwa nimewaonyesha sinema, tena sinema isiyo na maelezo. Lau ningewapa betri mbili za tochi na kipande cha waya wangejifunza zaidi, na nisingesumbua watu kuwaazima projekta.

Sasa msije mkadhani nimekuja kuzisema vibaya hizo programu. Nazipenda. Ila nimejifunza kwamba programu shirikishi haimshirikishi mtu yeyote kwa jina lake tu. Tofauti yake na video ni hii: video inakwenda itakakokwenda hata ukilala, lakini hii inakusubiri. Unabadilisha kitu kimoja, inakujibu. Ukibadilisha tena, inakujibu tena. Ni kama kumhoji mtu asiyechoka. Na kama huna swali, utamhoji nini?

Niwape na historia kidogo, maana kuna mwalimu aliniuliza pale nje kama vitu hivi ni vya kuaminika. Mkusanyiko ninaoutumia zaidi unaitwa PhET. Ulianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, na Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na wenzake wawili. Hutozwi hata senti. Unapakua mara moja kwenye bando la mtu mwingine, unaweka kwenye flashi, na inafanya kazi bila intaneti. Baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Kilichonivutia mimi zaidi ni kwamba wanaozitengeneza huwakalisha wanafunzi mbele ya programu, hawawapi maelekezo marefu, wanawatazama wanakwama wapi, ndipo wanarekebisha. Wale wanamsikiliza mwanafunzi kwanza. Sisi tulioko naye darasani kila siku, sijui.

Kuna jingine linaitwa Kolibri, ambalo kazi yake ni kubeba maktaba nzima ndani ya kompyuta moja na kuigawia simu na vishikwambi vilivyo karibu bila kuhitaji mtandao wa nje. Humo utazikuta hizo programu za PhET na hata katuni za elimu za Ubongo Kids za hapahapa kwetu. Na kwa wale watakaosema mtoto wa kijijini hawezi kishikwambi: kati ya mwaka 2017 na 2019, katika vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, watoto wengi wao ambao hawakuwa shuleni walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Yalikuwa mashindano ya kimataifa ya XPRIZE, na Mei 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10. Haikuwa sayansi, nakubali. Lakini suala la mtoto kuweza au kutoweza lilishajibiwa pale Tanga, tusilirudie hapa.

Tena vifaa vyenyewe, wengi wetu tunavyo. Vile vishikwambi vilivyohesabia watu kwenye sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu. Sitauliza vinatumika kuangalia nini siku ya Simba na Yanga.

Baada ya aibu yangu nikabadili utaratibu. Kishikwambi kimoja, watoto 84, makundi manane, kila moja la watoto kumi na ziada. Nikaweka sheria tatu na nikaziandika ukutani kwa mkaa: KISIA. ANDIKA. BONYEZA. Kwa mpangilio huohuo. Kabla kundi halijagusa kioo, linaandika kwenye daftari litakachokiona na sababu yake, kwa kalamu ya wino ili wasifute. Kila kundi lina mbonyezaji wake, na mbonyezaji haruhusiwi kuwa na maoni. Anabonyeza alichoagizwa na kundi, basi. Hii ya mwisho niliigundua kwa shida, maana kila mahali kuna mtoto mmoja mwenye simu nyumbani ambaye angemaliza kila kitu peke yake wakati wenzake wanamtazama kisogo. Nilichofanya ni kumpa kazi ya mwandishi. Alinuna wiki mbili.

Makundi mengine yanayosubiri zamu hayakai bure. Yana betri na balbu halisi mezani, au kamba na jiwe, au chochote kinachopatikana. Na hapa ndipo mambo yalipoanza kunoga.

Kundi moja liliandika hivi, nanukuu daftari: "Tukiweka balbu mbili kwa mstari ya pili itakuwa hafifu kwa sababu ya kwanza imekula umeme." Walimu, ninyi mnalijua kosa hili, hata watu wazima wanalo. Wakabonyeza. Balbu zote mbili zikawaka sawasawa, zote hafifu kuliko ile moja ya mwanzo. Wakaangaliana. Wakaweka ameta, kile kipimo cha umeme unaopita kwenye waya, kabla ya balbu ya kwanza, kati ya balbu, na baada ya ya pili. Namba ileile mahali pote patatu. Mtoto wa kike mmoja akasema, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, "Kumbe haili."

Wakahamia mezani kwenye balbu halisi nilizonunua sokoni Mwanjelwa. Wakaunganisha vilevile. Moja ikawaka vizuri, ya pili ikawa hafifu! Kelele: mwalimu, kompyuta imetudanganya, balbu ya kwanza imekula. Mimi mwenyewe nilisita, niwaambie ukweli. Nikatamani kusema "achaneni nayo, rudini kwenye kishikwambi." Bahati nzuri nilichelewa kusema. Yule yule wa kike akazichomoa balbu akazibadilisha nafasi. Iliyokuwa ya kwanza ikawa ya pili. Na ile iliyokuwa inawaka vizuri ikaendelea kuwaka vizuri huko huko mwisho. Akazigeuza tena, vilevile. Akasema, "Siyo nafasi. Ni balbu yenyewe." Tukazitazama chini kwenye kitako kwa karibu: maandishi hayakufanana, zilikuwa za aina mbili, na mimi sikuwa nimeangalia wakati nanunua.

Mnaona alichofanya? Amebadilisha kitu kimoja, vingine akaviacha, akarudia. Hiyo kwenye vitabu inaitwa kudhibiti vigezo na tunaifundisha kwa kuikariri. Kwenye kompyuta balbu zote ni pacha, kwa hiyo asingepata sababu ya kuzigeuza. Mezani bila kompyuta asingekuwa na sababu ya kushangaa. Ugomvi wa vile viwili ndio uliomfundisha.

Tangu siku hiyo nikawa natafuta ugomvi. Na mkubwa kuliko wote ulitokea kwenye maji ya moto.

Kitabu kinasema maji huchemka kwenye nyuzi joto 100 za selsiasi. Programu tuliyotumia siku hiyo nayo ilisema 100. Watoto wakakisia 100, wakaandika 100, wakabonyeza, 100. Raha mustarehe. Nikasema twende nje. Jiko la mkaa, sufuria, na kipimajoto nilichokiazima sekondari ya jirani, kile kirefu chenye kimiminika chekundu ndani. Nikawaambia kila kundi litume msomaji, asome, aandike, asimwambie mtu.

Maji yalipotokota vizuri wakaanza kupita mmoja mmoja. Tulipokusanya karatasi: 94, 94, 93, 95, 94, 104, 94. Na kundi la sita lilikuwa limeandika 100.

Ile 104 tuliitatua haraka, alikuwa amehesabu vistari vibaya kwa kusoma akiwa amesimama, jicho juu ya kipimo. Lakini 100 ya kundi la sita nilikaa nayo. Nikamwita msomaji wao pembeni, nikamwuliza kwa upole: uliiona 100? Akatazama chini. "Kitabu kinasema." Walimu wenzangu, yule mtoto hakuwa mwongo. Alikuwa mwanafunzi mzuri, kwa namna tuliyomfundisha sisi kuwa mzuri. Tumemlea aamini kwamba jicho lake likipishana na kitabu, jicho ndilo lenye makosa.

Basi darasa likasema kipimajoto kibovu. Vizuri, kibovu, tutajuaje? Wakabishana. Mwishowe mmoja akasema tukiweke kwenye kitu tunachokijua. Tukamtuma mtoto dukani kwenye friji, akaleta barafu, tukaiponda kwenye kikombe na maji kidogo, tukasubiri. Sifuri. Kipimajoto ni kizima. Sasa nani mkosaji, kitabu, programu au sufuria?

Nikampigia mwalimu mwenzangu Kyela, yuko hapa leo, nimeona amejificha nyuma ya nguzo. Akachemsha maji shuleni kwake mchana uleule. Akanijibu kwa ujumbe: 98. Nikaandika ubaoni: Kyela, mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, 98. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi, 94. Pwani, mita sifuri, 100 ya kitabu. Nikanyamaza. Ilichukua kama dakika tano, ambazo kwa mwalimu ni ndefu kama mwezi wa Januari. Kisha wakaanza: "Kadiri unavyopanda..."

Hapo ndipo programu ilirudi, na safari hii ilirudi kwa heshima. Kwa sababu "kwa nini" ya jambo hili haionekani kwa macho. Hewa iliyo juu yetu ina uzito, na uzito huo unayakandamiza maji ndani ya sufuria. Mtu wa Kyela yuko chini zaidi, hewa iliyo juu ya sufuria yake ni nyingi zaidi. Ili maji yachemke, mvuke ndani yake lazima uwe na nguvu ya kuusukuma mzigo huo. Sisi huku mzigo wetu ni mwepesi, kwa hiyo maji yanafanikiwa mapema, kabla hayajapata moto wa kutosha. Kuna programu inayochora chembechembe za maji zikirukaruka na inakuruhusu kupunguza mgandamizo, ile kanieneo ya vitabuni. Safari hii watoto hawakuhitaji kuambiwa wakisie. Walikuwa wanagombania kuandika.

Kijana mmoja ambaye bibi yake yuko Makete akapiga meza: "Ndiyo maana maharage ya bibi hayaivi!" Na ni kweli. Huko juu maji yanachemka kwa kelele zote lakini si ya moto kama ya pwani, kwa hiyo maharage yanachukua muda mrefu zaidi na kuni zaidi. Masufuria ya presha yanaondoa tatizo hilo kwa kuufungia mvuke ndani. Wageni wanaohamia hapa kutoka Dar es Salaam hulalamika kwamba maharage ya Mbeya yana kiburi. Yasingiziwe vingine, hilo siyo kosa lake.

Mambo mengine sitakaa nayo sana. Umeme unakatika, chaji kishikwambi usiku. Julai asubuhi vidole vimekufa ganzi na kioo hakisikii, wasugue mikono kwanza. Programu ikiwa ya Kiingereza, kaa nayo nyumbani jioni moja, andika maneno kumi yaliyopo kwenye vitufe na Kiswahili chake, bandika ukutani, inatosha. Na tafadhali, kinachoweza kushikwa kwa mkono msikifungie kwenye kioo. Kuna mtu alinionyesha programu ya kuotesha maharage kwenye skrini. Mkoa huu! Unaotesha maharage kwenye skrini, na nje ya dirisha kuna shamba la maharage. Na watoto wa jirani zetu Songwe wana Kimondo cha Mbozi, chuma kutoka angani kinachokadiriwa kuwa na tani 12 au zaidi, kinashika sumaku. Nenda nao na sumaku. Tumia programu kwa mambo ambayo jicho haliyawezi: chembechembe, elektroni, sayari, moto wa betri ambao hutaki utokee mezani kwako.

Ila hili la kabati siwezi kulipita. Shule moja niliyowahi kufundisha ililetewa vishikwambi ishirini na mradi fulani. Siku ya makabidhiano tulicheza ngoma. Vikafungiwa kwenye kabati la chuma ofisini, kwa sababu vikipotea vitaulizwa. Niliomba mara tatu, nikaambiwa andika barua. Nikaandika. Nilipohama, miaka miwili baadaye, bado vilikuwa na nailoni zake. Hakuna aliyeiba hata kimoja, na hesabu ilikuwa kamili. Walimu wakuu mliopo, nawaomba, kishikwambi kilichopasuka kioo mikononi mwa watoto kimefanya kazi kuliko kile.

Nirudi kwenye maji, nimalizie. Wiki moja baada ya lile jaribio, mtoto alinifuata wakati wa chai. Wa kundi la sita, yule aliyeandika 100. Akaniuliza, "Mwalimu, kwenye mtihani niandike 94 au 100?"

Nilikosa la kusema. Ningemwambia 94, angekosa alama. Ningemwambia 100, ningemrudisha nilikomtoa. Nikamwambia swali la mtihani lina maneno yaliyofichwa, "kwenye usawa wa bahari," kwa hiyo jibu lake ni 100. Akafikiri. Akasema, "Basi wangeyaandika." Nimelichukua hilo nimelipeleka kwa wenzangu tunaotunga mitihani ya kata, na muhula huu swali letu limeandikwa kamili.

Baada ya hapo darasa lilichora grafu kwenye karatasi ya manila, kimo chini, joto la kuchemka pembeni, wakapitisha rula kwenye nukta zao tatu. Wakaona kila ukipanda mita 300 hivi unapoteza nyuzi moja. Wakakisia kwa wino: Rujewa kule Mbarali, kwenye mita 1,000 na kidogo, 96 au 97. Makete, kwenye mita 2,000 na zaidi, 93 au chini yake. Nukta hizo mbili wamezizungushia duara na alama ya kuuliza, kwa sababu hakuna aliyezipima. Kila asubuhi wananiuliza kama kuna ujumbe umeingia.

Vipimajoto viwili viko kwenye mkoba wangu hapa mbele. Kimoja ni cha Mbarali, kingine ni cha Makete, na daftari la kusaini ni hili. Chemsheni mpaka yatokote kabisa, ncha isiguse chini ya sufuria, msomaji aweke jicho usawa wa kipimo. Na mwalimu wa Makete, nakuomba usiwaambie watoto wako sisi tumekisia ngapi.